Runinga ya chumba cha pili: anza na swali hili kabla ya kununua waya

Anayetaka kuweka runinga ya pili nyumbani huanza kwa kuuliza zinahitajika mita ngapi za waya. Nakuomba uanze na swali jingine: mtu wa chumba cha pili atatazama kile kile kinachoonyeshwa sebuleni, au anataka kujichagulia mwenyewe? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua ununue nini, fundi apande juu ya paa au asipande, na kila mwezi ulipe kiasi gani. Nyumbani kwetu jibu lilikuja baada ya kuzunguka sana, na pesa zilitutoka njiani.

Mtazamaji wa chumba cha pili alikuwa mama. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na moja ya masharti aliyopewa ni kutokukaa kwenye kiti cha chini. Makochi yetu ya sebuleni ukikaa unazama. Kwa hiyo akawa anashinda chumbani kwake, mwisho wa korido, kwenye kiti kirefu chenye mikono. Mama ni mtu wa habari. Taarifa ya jioni haimpiti, na baada ya taarifa kuna tamthilia anayoifuatilia na kuijadili na dada zake kwa simu. Kumnyima vitu hivyo kwa miezi, wakati maumivu tayari yanamnyima usingizi, niliona ni kumwongezea ugonjwa. Runinga ya skrini bapa tulikuwa nayo stoo. Kilichokosekana ni namna ya kuifikishia picha.

Enzi za analojia jambo hilo lilikuwa dogo. Chaneli zote ziliteremka pamoja kwenye waya wa antena, kila runinga ikajichagulia yake. Kisha yakaja mabadiliko ya kuhamia dijitali: kwa nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati, makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo mengi ya analojia yasiingiliwe na mawimbi mengine, na kwa wengi wetu kazi ya kuchagua chaneli ikahamia kwenye king'amuzi. King'amuzi cha kawaida hufungua chaneli moja kwa wakati mmoja. Ukilishika hilo, mengine yote nitakayoeleza yanaeleweka kirahisi.

Tulianza na njia ya bei ndogo, ya kugawa picha inayotoka kwenye king'amuzi cha sebuleni. Unanunua splita ya HDMI: kiboksi kidogo chenye tundu moja la kuingiza na mawili ya kutoa. Tundu moja linakwenda runinga ya sebuleni, la pili linakwenda chumbani kwa waya mrefu. Kwa chumba kinachopakana na sebule njia hii inafaa kabisa. Kwetu chumba kilikuwa mbali, na waya wa HDMI wa kawaida hauvumilii umbali. Ukishavuka mita kumi hadi kumi na tano, picha huanza kumeta, kupotea sekunde kadhaa na kurudi. Runinga ya stoo nayo ilikuwa ya zamani kuliko ya sebuleni, na splita za bei rahisi mara nyingi hushusha picha kwa runinga zote hadi kiwango kinachowezwa na ile dhaifu. Sebuleni wakaanza kulalamika kwamba picha imefifia, na hakuna aliyegusa runinga yao.

Umbali unatibika. Kuna jozi ya vifaa vinavyopitisha HDMI kwenye kebo ya mtandao ya Cat6, kimoja kikakaa kwenye king'amuzi na kingine kwenye runinga ya pili, na vingi hufikisha picha hadi mita 50. Ukivinunua, chagua vyenye kijicho cha rimoti. Rimoti nyingi za ving'amuzi hutumia mwanga wa infraredi, ambao haupenyi ukuta, kwa hiyo aliye chumbani hawezi kubadilisha chaneli bila kijicho cha kupokea mwanga huo upande wake na kuurudisha kwenye king'amuzi. Kama king'amuzi chako ni cha zamani na kina tundu la RF, lile la waya wa antena, au matundu ya AV yale ya njano, nyeupe na nyekundu, nayo yanaweza kufikisha picha chumba cha pili, ila ya kiwango cha chini. Kwa runinga ndogo inatosha.

Tulifunga vifaa hivyo, picha ikatulia. Jioni ya kwanza mama alishukuru mpaka nikaona haya. Shida ikajitokeza taarifa ya habari ikiwa katikati. Niko naye chumbani, msomaji wa habari anazungumza, mara skrini ikawa nyeusi, kisha wakatokea vibonzo. Watoto sebuleni walikuwa wamebadilisha chaneli. Mama hakusema kitu. Alichukua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaiweka mezani. Nilipotaka kwenda kuwaambia watoto warudishe, akanizuia: "Waache, mwanangu. Ile ni ya kwao."

Kijicho cha rimoti tulichofunga nacho kilimpa uwezo wa kuwafanyia watoto vivyo hivyo, na hakutaka kuutumia. Baada ya hapo niliona ameanza kuizima runinga mapema, na ukimuuliza anasema macho yamechoka. Hapo ndipo swali nililoanza nalo lilipopata uzito. Kugawa picha kunampa mtu dirisha la kuchungulia sebuleni. Kama chumba cha pili ni cha mtoto anayetazama mpira ule ule mnaoutazama, au ni jikoni ambako mtu anasikiliza huku akipika, splita ya HDMI inatosha na usitumie zaidi. Lakini kwa mtu mzima mwenye ratiba yake, hasa mgonjwa au mzee asiyependa kusumbua watu, haitoshi. Atakaa kimya, nawe utadhani ameridhika.

Basi tukaamua kununua king'amuzi cha pili. Nyumbani tunatumia dishi. Fundi aliyekuja alikata kebo inayoshuka kutoka juu, akaweka splita pale ilipokatwa, tawi moja likaenda sebuleni na jingine chumbani. Akawasha ving'amuzi vyote viwili, picha zikatoka, akalipwa, akaondoka.

Usiku huo huo mama akaniita. Chaneli yake ilikuwa imepotea na maandishi ya kukosa mawimbi yamejaa skrini. Nikatazama sebuleni: picha safi kabisa. Nikabadilisha chaneli sebuleni, ya mama ikarudi. Kesho yake fundi alisema king'amuzi ni kibovu. Siku nyingine akasema dishi limesogea. Mimi nikaanza kuandika kwenye daftari: sebuleni wako chaneli gani, chumbani ipi imepotea. Baada ya kurasa chache mpangilio ukaonekana wazi. Chaneli zilikuwa zinapotea kwa mafungu, tena mafungu yale yale.

Maelezo yake nimeyapata kwa fundi wa pili, mzee mmoja mtaratibu, na tangu wakati huo nimeyasoma na kuyaelewa. Ule mdomo wa dishi unaoitwa LNB haumwagi chaneli zote kwa pamoja. Satelaiti hurusha baadhi ya chaneli kwa mawimbi ya wima na nyingine kwa mawimbi ya mlalo, ili masafa yale yale yabebe mzigo mara mbili. King'amuzi kikitaka fungu la wima hupandisha volti 13 kwenye kebo, kikitaka la mlalo hupandisha volti 18. Juu ya hapo, kwenye LNB zile za kawaida za masafa yanayoitwa Ku, king'amuzi huongeza mlio wa kilohezi 22 kinapotaka nusu ya juu ya masafa, na huuondoa kinapotaka nusu ya chini. Yanapatikana mafungu manne, na LNB yenye tundu moja hutoa fungu moja tu kwa wakati mmoja. Ndiyo kusema kebo ya dishi hupitisha mawimbi kushuka na maagizo kupanda.

Sasa weka splita ya kawaida. Ving'amuzi viwili vinatuma maagizo tofauti kwenye LNB moja, na penye volti 13 na 18 kwa pamoja, 18 ndiyo inayoshinda. Sebuleni wakifungua chaneli ya mlalo, chumbani kila ya wima inatoweka. King'amuzi ni kizima, dishi halijasogea, na kuzungusha dishi kutafuta mawimbi ni kuharibu kilicho sawa. Ukitaka uhakika, chomoa king'amuzi cha sebuleni kwenye umeme kabisa, maana kuna ambavyo huendelea kupeleka volti hata vikiwa vimezimwa kwa rimoti, kisha pitia chaneli za chumbani zote. Zikionekana zote, halafu baadhi zikapotea mara cha sebuleni kinapowashwa, umeshaupata ugonjwa.

Dawa yake ni LNB yenye matundu mawili, na kila king'amuzi kiwe na kebo yake kutoka kwenye dishi hadi chumbani. Kila tundu linapokea maagizo yake bila kuingiliwa. Zipo za matundu manne na manane pia, na tofauti ya bei kati ya mbili na nne si kubwa sana. Kama unahisi siku moja chumba cha tatu kitataka runinga, nunua ya matundu manne mapema ili fundi asipande tena. Pale kebo ya pili isipoweza kupitishwa kabisa, kwa mfano kwenye jengo la ghorofa, kuna LNB za mfumo wa kebo moja ambao kila king'amuzi hupewa masafa yake kwenye kebo hiyo. Lakini hakikisha ving'amuzi vyako vinaujua mfumo huo kabla ya kutoa pesa. Ving'amuzi vingine vina tundu la LNB OUT la kupitishia mawimbi kwenda king'amuzi cha pili. Lisikudanganye, kwa kawaida cha pili kinakuwa huru pale tu cha kwanza kinapozimwa.

Siku ya kupitisha kebo ya pili nilisimama na yule mzee kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi zinapoharibikiwa bila kujua. Alitumia RG6, kebo ya omu 75. Kebo nyembamba ya RG59 iliyokuwa imebaki stoo aliikataa, akasema ile ni ya safari fupi. Hata RG6 yenyewe hupoteza takriban desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha kupungua kwa nguvu ya mawimbi) kwa kila mita 100 kwenye masafa ya megahezi 1000, na masafa ya dishi ndani ya kebo hufika megahezi 2150, ambako upotevu ni mkubwa zaidi. Kila mita ya ziada uliyoikunja nyuma ya kabati unailipia kwa ubora wa picha.

Kisha konekta. Alichuna ganda la nje kiasi cha kidole, akazigeuza nyuzi za wavu zote nyuma, akazipitia moja moja kwa kucha. Uzi mmoja mwembamba kama unywele ulikuwa umebaki mbele, umeegemea waya wa katikati. Akaniita nione. "Huu mmoja tu," akasema, "ungekuzuia usiku kucha." Uzi ukigusa waya wa katikati ni shoti, na kwa kuwa kebo ya dishi hubeba umeme wa kwenda kwenye LNB, shoti hiyo inaweza kuua king'amuzi. Ndiyo maana kabla ya kufungua au kufunga kebo yoyote ya dishi, ving'amuzi vyote vichomolewe kwenye umeme. Nje alizifunika konekta kwa mpira wa kuzuia maji, na kabla kebo haijaingia ukutani akaiacha ining'inie kidogo chini ya tundu, ili maji ya mvua yadondokee chini yasiifuate kebo hadi ndani.

Mwisho akafungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi. Kuna mistari miwili: nguvu na ubora. Watu wengi hutazama nguvu. Yeye alitazama ubora, kwa sababu nguvu inaweza kuwa kubwa huku mawimbi yenyewe yakiwa machafu. Picha ya dijitali haififii kidogo kidogo kama ya analojia ilivyokuwa ikijaa chenga. Inabaki safi hadi ukingoni, kisha inaganda na kuvunjika vipandevipande. Kwa hiyo picha nzuri siku ya jua haikuambii kama una akiba ya kutosha kwa siku ya mvua kubwa. Mstari wa ubora ndio unaokuambia. Usimruhusu fundi aondoke kabla hajakuonyesha mstari huo kwenye vyumba vyote viwili, runinga zote zikiwa zimewashwa na ziko kwenye chaneli tofauti. Fundi wa kwanza alituonyesha picha tu, tena chaneli moja pande zote.

Wenye antena ya kawaida, ile ya kupokea mawimbi ya minara, wana nafuu kubwa. Huko hakuna maagizo yanayopanda. Chaneli zote zinateremka pamoja, kwa hiyo splita ya antena ni halali na kila chumba kinajichagulia. Tena runinga nyingi za miaka ya karibuni zina kipokezi cha DVB-T2, yaani cha matangazo ya dijitali ya minara, ndani yake, hivyo chaneli za bure zinaonekana bila king'amuzi cha pili. Angalia maelezo ya runinga yako kabla ya kununua chochote. Linalotakiwa kuangaliwa ni nguvu: kugawa mara mbili humpa kila mmoja chini ya nusu, yaani upotevu wa kama desibeli tatu na nusu hadi nne, na mahali mnara ulipo mbali hiyo inatosha kuzigandisha picha zote mbili. Hapo ndipo kikuza mawimbi kinapohitajika, na mahali pake ni juu karibu na antena, kabla ya kebo na splita kupunguza mawimbi. Ukikiweka nyuma ya runinga kinakuza na uchafu uliokwisha kuingia njiani.

Kwa intaneti pia inawezekana, kama mtoa huduma wako ana programu ya kutazamia kwenye runinga janja na Wi-Fi inafika chumbani kwa nguvu. Tulijaribu kabla ya kufunga kebo. Inaokoa ngazi na matundu ya ukutani, lakini picha huchelewa, na mpira sebuleni ulikuwa unashangiliwa kabla goli halijafika chumbani. Kwa mama halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa menyu; kufika kwenye taarifa ya habari alipaswa kupita kurasa kadhaa kwa rimoti yenye vitufe vidogo, na mkono wake mmoja ulikuwa umeshika gongo. Unapochagua teknolojia kwa ajili ya mtu mwingine, mpe rimoti uone mwenyewe anavyoitumia. Tulichokipenda kuhusu king'amuzi cha pili ni kwamba rimoti yake ni sawa na ile aliyoizoea. Ila kama ving'amuzi vyote viwili viko chumba kimoja wakati wa majaribio, rimoti moja itaviamrisha vyote, usishtuke.

Nimebakiza malipo, na hili ndilo lililotuuma kuliko vifaa. King'amuzi cha pili cha kulipia kwa kawaida kinahitaji usajili wake. Kadi ya sebuleni ukiihamishia chumbani, sebuleni panafungwa, na kadi nyingi zimefungwa na king'amuzi chake kimoja. Baadhi ya watoa huduma wana mpango wa kuunganisha ving'amuzi viwili chini ya akaunti moja kwa nyongeza ndogo, lakini mara nyingi kwa masharti: viwe vya aina fulani, viwe nyumba moja, wakati mwingine viunganishwe kwa kebo kati yao. Piga simu uyaulize hayo kabla ya kununua king'amuzi cha pili dukani. Sisi tuliambiwa kwamba aina tuliyokuwa tumeletewa haiunganishiki, tukabaki na akaunti mbili.

Mama sasa anatembea vizuri na anakaa kochi lolote analotaka. Tulimuuliza kama tuondoe king'amuzi cha chumbani ili kupunguza gharama. Alifikiri kidogo, akauliza kama kuna kifurushi kidogo kuliko tulichomlipia. Kipo, na kina chaneli yake ya habari na ile ya tamthilia. Tumemhamishia huko, na malipo ya chumbani yameshuka hadi chini ya nusu ya tuliyokuwa tukilipa mwanzo.